Kushinda Wasiwasi kwa Imani: Somo kutoka Kilosa na Mikumi



Wapendwa waseminari, na ninyi waamini mnaotufuatilia kutoka maparokiani, katika somo hili tunatafakari jambo linalomgusa kila mmoja wetu, yaani wasiwasi. Tutajiuliza wasiwasi ni nini, Bwana wetu Yesu Kristo anatufundisha nini juu yake, na Mkristo afanye nini anapojikuta usiku yu macho kwa sababu ya mawazo. Mifano yangu mingi inatoka Kilosa na Mikumi, nilikofanya mwaka wangu wa kichungaji. Nilikwenda huko nikidhani nimelielewa somo hili, kumbe waamini wa huko ndio walionifundisha.

1. Swali lililonishinda

Wakazi wa Kilosa wanaujua vizuri mto Mkondoa. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka mbali, upande wa Dodoma, yakishuka kwa mto Kinyasungwe kupitia Gulwe na Kidete. Kwa hiyo mto unaweza kufurika Kilosa hata siku ambayo mjini hapo halijadondoka tone. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, mto ulivunja tuta ukaingia kwenye makazi ya watu. Maelfu walipoteza nyumba na mali, wakaishi kwenye mahema. Reli ya kati nayo ilikatika sehemu kadhaa kati ya Kilosa na Gulwe, safari za treni zikasimama. Tangu hapo, kwa watu wengi wa mabondeni, sauti ya mvua ya usiku si sauti ya kubembeleza usingizi.

Jumamosi moja wakati wa masika nilikuwa nasali na jumuiya ndogo ndogo jirani na mto. Somo lilikuwa Mt 6:25-34, pale Yesu anapowaambia wanafunzi wake wasihangaikie chakula wala mavazi, akiwaelekeza wawatazame ndege wa angani na maua ya kondeni. Nilieleza kwa ufasaha, nikasifu ndege sana. Nilipomaliza, mzee mmoja mkulima wa mpunga akasema: “Frateri, hao ndege wanaolishwa na Baba wa mbinguni, wanalishwa kwenye jaruba langu.” Jumuiya nzima ikacheka, nami nikacheka.

Kisha mama mmoja mjane, mwenye nyumba bondeni, akauliza kwa sauti ya chini: “Frateri, mimi mvua ikinyesha silali. Nakaa mlangoni nasikiliza mto mpaka kuche. Wanangu wamelala, mimi nasali Rozari, lakini sikio liko mtoni. Je, ina maana sina imani?”

Nilimjibu: “Mama, mwamini Mungu tu, usiogope.” Akasema, “Asante, Frateri,” akanyamaza. Niliporudi parokiani nikajua kwamba sikumjibu. Nilikuwa nimemwongezea mzigo mwingine juu ya ule aliokuwa nao: sasa, pamoja na kuuhofia mto, alikuwa na hofu kwamba hofu yake ni dhambi. Somo hili ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi.

2. Wasiwasi ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Neno “wasiwasi” tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kunong’ona. Maana hiyo inatusaidia sana. Wasiwasi ni mnong’ono usionyamaza, unaorudia maneno yale yale sikioni: “Je, ikiwa... Je, ikiwa...”

Tutofautishe wasiwasi na hofu ya kawaida. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Dereva akimwona tembo mbele yake usiku, moyo unaruka na mguu unakanyaga breki. Hofu hiyo ni zawadi ya Mungu, kwa maana imemwokoa yeye na abiria wake. Lakini tuseme dereva yule amefika nyumbani salama, amelala kitandani, na bado moyo unamwenda mbio, akiona tembo watano ambao hawakuwepo, na kesho wengine kumi. Huo sasa ni wasiwasi. Hofu inakuonyesha hatari iliyopo ili uchukue hatua. Wasiwasi unakuonyesha hatari zote zinazoweza kuwepo, na haukupi hatua yoyote ya kuchukua.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva aliyeishi kati ya mwaka 1567 na 1622, aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha maisha ya ibada kilichotoka mwaka 1609. Anafundisha kwamba ukiondoa dhambi, hakuna baya kubwa linaloweza kuipata roho kama mahangaiko. Anatoa mfano wa ndege walionaswa: wanapigapiga mabawa kwa fujo ili wajinasue, na kwa kufanya hivyo wanazidi kunasa. Aliyewahi kuona ndege kwenye ulimbo anaelewa mara moja. Nasi hufanya hivyo. Usiku tunapiga hesabu ya deni mara ishirini, na deni halipungui hata shilingi, ila nguvu za kulilipa kesho yake zinapungua.

3. Yesu aliwajua ndege, na aliyajua mafuriko

Sasa turudi kwa yule mzee wa mpunga. Alisema kwa utani, lakini alikuwa na hoja. Kwa wakulima wa Kilosa, ndege si picha nzuri ya ukutani. Kweleakwelea wakishuka kwenye mpunga, kazi ya miezi mingi inaweza kuisha kwa siku chache, ndiyo maana watu hushinda shambani tangu alfajiri wakiamia ndege. Je, Yesu hakulijua hilo?

Alilijua. Katika mfano wa mpanzi ni Yeye mwenyewe anayesema kwamba mbegu nyingine zilianguka njiani, ndege wakaja wakazila (Mt 13:4). Wasikilizaji wake walikuwa wakulima na wavuvi, watu wa kodi na madeni, wala hakuwa anawahubiria walioshiba. Na mahali pengine anaposema juu ya shomoro, hasemi kwamba shomoro haanguki. Anasema kwamba haanguki pasipo Baba (Mt 10:29-31). Tuliweke hili moyoni, kwa maana wahubiri wengi hulipita haraka. Imani haituahidi kwamba mto hautajaa. Inatuahidi kwamba mto ukijaa hatutakuwa yatima.

Ndiyo maana kiini cha Mt 6:25-34 kipo katika aya ya 32: Baba yenu wa mbinguni anajua kwamba mnahitaji hayo yote. Yesu hakatai kwamba tunahitaji chakula, nguo na paa. Anasema yupo anayejua, na huyo ni Baba. Mtoto aliye safarini na baba yake hulala ndani ya basi. Hajui njia wala hana nauli, lakini anajua amekaa na nani.

Tena, tusome hotuba hiyo ya Mlimani mpaka mwisho. Sura moja tu baada ya kutukataza kuhangaika, Yesu anazungumza juu ya mvua, mito iliyofurika na nyumba mbili (Mt 7:24-27). Mafuriko yalizipata zote mbili, ya mwenye busara na ya mpumbavu. Na mwenye busara hakukaa akisema “Mungu atajua”. Alitafuta mwamba, akajenga juu yake. Mwamba huo kwanza ni maneno ya Kristo yanayosikiwa na kutendwa. Lakini Bwana asingetumia mfano huo kama angedhani kwamba kujenga mahali salama ni kukosa imani.

4. Tahadhari si kukosa imani

Hapa ndipo wengi tunachanganya. Wapo wanaodhani kwamba mtu wa imani hajiandai. Maandiko Matakatifu hayasemi hivyo. Yosefu, mwana wa Yakobo, aliweka akiba ya nafaka miaka saba kwa ajili ya miaka saba ya njaa (Mwa 41). Mtakatifu Yosefu, mume wa Bikira Maria, alipoonywa katika ndoto hakungoja kuche. Aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, akaondoka kwenda Misri (Mt 2:13-14). Hakuna anayesema kwamba Yosefu alikosa imani kwa sababu alikimbia.

Wakulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanalijua hili kwa vitendo. Mahindi yakikaribia kukomaa, mtu analala kwenye dungu akilinda tembo. Wengine huzungushia shamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Akiisha kufanya yote hayo, anafanya ishara ya msalaba na kumwachia Mungu usiku huo. Huyo ana tahadhari na ana imani pia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2830, inapoeleza ombi la mkate wa kila siku, inatufundisha kwamba Yesu hatualiki kukaa bure. Anataka kutuondolea mahangaiko yanayotusumbua. Basi tunaweza kujipima kwa swali moja rahisi: mawazo haya niliyo nayo sasa yananipa kitu cha kufanya leo? Yakinipa, nikifanye. Yasiponipa, nimkabidhi Mungu, kama Mtume Petro anavyotuhimiza tumtwike Yeye fadhaa zetu zote kwa sababu anajishughulisha na mambo yetu (1Pet 5:7).

5. Bwana wetu naye alifadhaika

Yule mama aliuliza kama kutolala kwake ni kukosa imani. Jibu ambalo ningepaswa kumpa lipo Getsemani. Mwinjili Marko anasema kwamba Yesu alianza kufadhaika na kuhangaika, akawaambia wanafunzi kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa (Mk 14:33-34). Luka anaongeza kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu (Lk 22:44). Huyu ndiye Mwana wa Mungu asiye na dhambi. Basi kuhisi fadhaa si dhambi. Mwili unaotetemeka si mwili usiosadiki.

Tutazame Yesu alifanya nini na fadhaa yake. Kwanza, hakuificha. Aliwaambia rafiki zake na kuwaomba wakeshe pamoja naye. Pili, aliipeleka kwa Baba bila kuipamba, akiomba kikombe kimwondokee, na bado akayaweka mapenzi ya Baba mbele. Tatu, alirudia sala ile ile zaidi ya mara moja, kama tunavyorudia Salamu Maria. Nne, aliinuka akaenda kukutana na kilichokuwa mbele yake. Kikombe hakikuondolewa. Alipewa nguvu ya kukinywa, na Luka anasema malaika alimtokea akamtia nguvu (Lk 22:43). Mara nyingi ndivyo Mungu anavyotujibu sisi pia.

6. Njia za kushindana na wasiwasi

Sali kwa kutaja jambo lenyewe. Mtume Paulo anawahimiza Wafilipi wasijisumbue kwa neno lolote, bali haja zao zijulikane na Mungu kwa sala, kwa kuomba, na pamoja na kushukuru (Flp 4:6-7). Aliandika hayo akiwa kifungoni. Usiseme tu “Bwana, nisaidie.” Sema: “Bwana, ada ya mtoto wa kidato cha tatu, zimebaki wiki mbili, na sina.” Wasiwasi hunong’ona mambo mengi kwa pamoja, lakini ukilitaja kila moja kwa jina mbele ya Mungu, unagundua mara nyingi ni mawili au matatu. Kisha shukuru kwa lile ambalo tayari unalo.

Beba sehemu ya leo. Waisraeli jangwani walipewa mana ya siku ile tu, na walioweka ya kesho iliingia mabuu (Kut 16:19-20). Katika Baba Yetu tunaomba mkate wa leo. Neema ya kubeba Jumatano haitolewi Jumatatu, ndiyo maana Jumatano ukiibeba Jumatatu unaona inakushinda.

Sikiliza Misa kwa makini. Mara baada ya Baba Yetu, padre anaendelea peke yake na sala ambayo wengi hatuisikilizi. Ndani yake anaomba kwa ajili yetu sote tuepushwe na maovu, tujaliwe amani na tulindwe na kila fadhaa, tukingojea ujio wa Mwokozi wetu. Mama Kanisa anajua kwamba watoto wake wanafika altareni na mahangaiko yao, na kila Misa anayaombea kabla hatujapokea Ekaristi. Jumapili ijayo weka hangaiko lako ndani ya sala hiyo.

Nenda kwenye kitubio. Wasiwasi mwingine unatoka kwa kosa ambalo hatujaliungama, deni tulilolikana, au mtu tuliyemdhulumu. Huo hautulizwi kwa kusinzia. Unaponywa kwa toba na malipizi.

Waambie ndugu zako. Mtume Paulo anasema tuchukuliane mizigo (Gal 6:2). Wengi wetu tunateswa na madeni kimyakimya. Mtu anakopa mkopo wa kausha damu, anakopa mwingine kulipa wa kwanza, na kwenye jumuiya anaimba kama kawaida. Aibu ndiyo chakula cha wasiwasi. Mwambie mtu mmoja mwaminifu, iwe mwenzi wako wa ndoa, mwenyekiti wa jumuiya au Baba Paroko.

Usikimbilie ramli. Mtu mwenye wasiwasi anataka kujua kesho kwa gharama yoyote, na wapo wanaomuuzia kesho hiyo. Wengine ni waganga wapiga ramli, wengine huuza mafuta na maji kwa jina la Yesu. Katekisimu, namba 2116, inakataa kila aina ya uaguzi. Mara nyingi mtu huenda na wasiwasi mmoja, anarudi na mpya: jirani yake ametajwa kuwa mchawi wake.

Mwone tabibu. Kuna wasiwasi ambao umekuwa ugonjwa. Mtu halali wiki kwa wiki, moyo unamwenda mbio bila sababu, hali chakula, ameacha kazi, au anafikiria kufa. Huyo asiambiwe asali zaidi tu. Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na dawa Bwana amezitoa katika ardhi (YbS 38:1-12). Pale Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Kilosa ipo hospitali ya wilaya, na Dodoma ipo Mirembe, inayohudumia magonjwa ya akili. Kwenda huko si aibu wala si kukosa imani. Na mwenye mawazo ya kufa asiachwe peke yake. Asindikizwe hospitali siku hiyo hiyo.

7. Neno kwa waseminari

Ndugu zangu mafrateri, nasi tuna wasiwasi wetu. Mitihani, tathmini ya walezi, mzazi anayeugua nyumbani wakati sisi tupo darasani, kijiji kizima kinachosubiri upadrisho wetu. Wapo wanaobaki na swali la wito kwa miaka bila kumwambia mlezi wa kiroho, wakidhani kwamba kuwa na swali ni kushindwa. Tukumbuke kuwa Yesu Getsemani aliwaambia wenzake. Tukizoea kuficha fadhaa zetu seminarini, tutakuwa mapadre wanaowajibu wajane kama nilivyojibu mimi.

Na tunapohubiri juu ya ndege wa angani, tumkumbuke yule anayewaamia.

8. Yule mama

Wiki iliyofuata Baba Paroko alinishauri nirudi kwenye ile jumuiya, safari hii nisikilize. Nilimwomba mama radhi, kisha nikamuuliza: “Mama, ukiwa pale mlangoni, unaogopa nini hasa?” Akasema: “Watoto. Na gunia za mahindi. Nyumba ikienda, iende.”

Wanajumuiya walisikia. Mzee yule wa mpunga, ambaye nyumba yake iko mwinuko, akasema watoto walale kwake masika yote. Vijana wakahamisha magunia kwa mkokoteni jioni ile ile. Mwanajumuiya mmoja mwenye ndugu Kidete akaahidi kuwa atampigia simu kila mvua ikiwa kubwa kule juu, na akisikia mto umejaa atamgongea mama hata iwe saa nane za usiku. Halafu tukasali.

Mto haukuhama. Masika ile ulijaa, ingawa haukufika nyumbani kwake. Nilipomwona baada ya Pasaka nikamuuliza kama siku hizi analala. Akasema: “Nalala, Frateri. Rozari namaliza kitandani, mara nyingine naishia fumbo la tatu.”

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni wasiwasi gani mmoja unaokunyima usingizi sasa? Je, kuna kitu cha kufanya leo juu yake?
2. Nani katika jumuiya yetu anakesha peke yake? Tunaweza kumchukulia sehemu gani ya mzigo?
3. Je, tumewahi kumwambia mgonjwa au mwenye shida kwamba hana imani? Tumrudieje?

Sala

Ee Baba mwema, unayejua tunachohitaji kabla hatujakuomba, tunaweka mikononi mwako mashamba yetu, watoto wetu, madeni yetu na usiku wetu. Utupe busara ya kufanya lililo letu leo, na amani ya kukuachia lililo lako. Utufanye tuwe macho kwa ajili ya jirani anayekesha peke yake. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu, aliyefadhaika Getsemani kwa ajili yetu. Amina.

Mama Maria, Faraja ya Wenye Huzuni, utuombee.